Choo Kikavu cha Vyumba Viwili: Namna ya Kukitumia na Kukitunza

Wewe mwenye shamba, soma somo hili polepole. Ukimaliza, lisome tena mbele ya watu wote wa nyumba yako: mama, watoto, wazee, hata mgeni anayelala kwako. Choo hiki hakitunzwi na mtu mmoja. Mtu mmoja asiyejua anaweza kukiharibu kwa siku moja.

Tutasema juu ya mavi na mikojo. Usicheke, tena usione haya. Mganga anayataja maneno haya kila siku. Mwenye shamba naye ana sababu ya kuyataja. Utaiona hapa chini.

SABABU YA KUJENGA JUU YA ARDHI

Kama unakaa Goma au katika vijiji vya karibu, unayajua mawe ya pale. Mlima Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, ukatapika tena mwaka 2002, na tena mwaka 2021. Moto ule ukishuka na kupoa unakuwa jiwe jeusi, gumu. Mtu anataka kuchimba shimo la choo: jembe linaruka, mtalimbo unapinda, na baada ya siku nyingi amepata shimo lisilofika kiuno. Tena jiwe lile lina nyufa nyingi. Maji machafu yanaingia katika ufa, na hujui yatatokea wapi.

Mahali pengine, kando ya ziwa na katika mabonde, shida ni nyingine. Udongo ni laini, lakini ukichimba kidogo unakuta maji. Mvua nyingi ikija, shimo linajaa, na uchafu wako unakwenda katika kisima cha jirani.

Watu wazima wa Goma wanakumbuka mwezi wa 7 wa mwaka 1994. Wakimbizi, mamia ya maelfu, walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache. Vyoo havikuwako, na jiwe halikuchimbika. Watu walikwenda haja popote penye nafasi, wakachota maji popote penye maji. Kolera ikaingia, na kuhara damu kukaifuata. Katika majuma machache walikufa watu makumi ya maelfu.

Choo kikavu hakitaki shimo, wala hakitaki maji. Kinasimama juu ya ardhi kama ghala ndogo. Jiwe likiwa gumu, vema. Maji yakiwa karibu, si kitu.

Choo hiki si jambo la jana. Katika Vietnam ya kaskazini wakulima walianza kufundishwa kujenga vyoo vya vyumba viwili mwaka 1956, maana desturi yao ilikuwa kupeleka mavi mabichi shambani, na magonjwa yalizidi. Katika Afrika ya Kusini, baada ya kolera ya mwaka 2000, mji wa Durban ulijenga vyoo vya namna hii makumi ya maelfu katika vitongoji vyake. Lakini nisikufiche neno: huko Durban watu wengi hawakukipenda. Walichoka na kazi ya kutoa mavi makavu, na mikojo iliachwa iingie ardhini bure. Mimi nafikiri hivi: mtu asiyelima anaona taabu ya choo hiki tu, faida yake haioni. Wewe unalima. Kwa hiyo somo hili limeandikwa kwako.

MAVI MBALI, MIKOJO MBALI

Hapa ndipo shina la habari yote. Chakula cha mimea kiko zaidi katika mikojo. Ugonjwa uko zaidi katika mavi. Mtu akivichanganya, anaharibu chakula na kueneza ugonjwa. Akivitenga, anashika kile chema mara moja, na kile kibaya anakifungia ndani mpaka kife.

Sikiliza namna gani. Udongo unataka azoti, ndiyo inayofanya majani kuwa mengi na mabichi. Azoti tunaila katika maharagi, nyama, samaki, sombe. Mwili unaitumia, kisha unaitoa. Katika sehemu 10 za azoti inayotoka mwilini, sehemu 8 au 9 zinapita katika mikojo. Fosfori nayo, zaidi ya nusu inapita katika mikojo. Mtu mzima anakojoa lita moja, pengine moja na nusu, kwa siku moja. Hesabu mwaka mzima: karibu lita 500. Hiyo ni mbolea ambayo unaimwaga nyuma ya nyumba, kisha unakwenda sokoni kununua mbolea ya mfuko.

Sasa mavi. Ndani yake mna kolera, kuhara damu, homa ya matumbo, na mayai ya minyoo. Mnyoo mrefu wa tumboni, yule jike, anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Yai lake ni dogo, jicho halilioni, nalo lina ganda gumu sana. Katika udongo wenye unyevu linaweza kukaa hai miaka. Haliogopi baridi, haliogopi sabuni. Linaogopa ukavu, majivu, joto na siku nyingi. Basi kazi ya choo chetu ni kulipa yai lile vitu hivyo.

Na harufu? Wengi wanadhani mavi ndiyo yananuka. Kweli harufu kali ya choo inatoka katika mchanganyiko wa mavi na mikojo. Mavi peke yake, yakifunikwa na majivu, baada ya siku chache hayanuki.

Wengine wanakiita choo cha kuozesha. Jina hilo si baya, lakini linadanganya kidogo. Ndani ya chumba mavi hayaozi sana, yanakauka. Kuoza kwa kweli kutakuja baadaye, ndani ya udongo. Nataja jambo hili kwa sababu nimeona watu wakimwaga maji ndani ya chumba ili mavi yaoze upesi. Walipata tope na funza.

NYUMBA YENYEWE

Mwashi atajua kujenga. Wewe angalia mambo machache tu.

Vyumba ni viwili, vinagusana, sakafu yake imeinuka juu ya ardhi kidogo ili maji ya mvua yasiingie. Kwa nyumba ya watu sita, kila chumba kiwe na meta 1 kwa meta 1, na kimo chake santimeta 80. Juu yake kuna sakafu ya simenti au ya mbao nzuri, na juu ya sakafu hiyo kila chumba kina tundu lake. Nyuma, kila chumba kina mlango mdogo wa kutolea. Mlango huo uzibwe kwa matofali na udongo, si kwa simenti, maana siku ya kuufungua usivunje nyumba yote.

Mbele ya tundu kubwa pana kibakuli chenye tundu dogo. Mikojo inaingia hapo, inapita katika mpira au bomba, inafika katika bidoni ya lita 20 iliyowekwa nje, chini zaidi. Bomba literemke vizuri, lisipindwe kama kiwiko. Mwisho wake uingie ndani ya bidoni mpaka karibu na chini, na shingo ya bidoni izibwe kwa kitambaa. Kama mdomo uko wazi, azoti inapanda hewani. Ndiyo ile harufu inayochoma pua. Ukiisikia, ujue mbolea yako inakukimbia.

Tena kuna bomba la hewa la kila chumba, linalopita juu ya paa, na wavu wa mbu mdomoni ili inzi wasiingie.

NAMNA YA KUTUMIA

Siku ya kwanza, kabla mtu ye yote hajakaa juu yake, tandika ndani ya chumba majani makavu na majivu, unene wa vidole vinne. Mavi hayatashika sakafuni, na unyevu wa kwanza utanywewa.

Tundu la chumba cha pili lifunikwe kwa kifuniko kizito, lisiguswe. Chumba kimoja tu kinatumika.

Kila mtu akae au achuchumae vizuri, mavi yaanguke nyuma, mikojo iende mbele. Kwa wanawake hakuna taabu. Kwa wanaume, neno langu ni hili: achuchumae kama wengine. Akisimama, mikojo inaruka mpaka ndani ya chumba, na kazi ya watu watano inaharibika kwa sababu ya mmoja. Kama wanaume wa nyumba yako hawakubali kuchuchumaa, wawekee bidoni yao nje, yenye faneli, ukutani. Nimeona hiyo inafaa kuliko maneno mengi.

Baada ya mavi, majivu. Kopo moja lililojaa, kila mara, pasipo kusahau. Mtu aliyekojoa tu asitie majivu. Yakiingia katika tundu dogo yanaziba bomba. Watoto wanapenda kutia majivu mbele na nyuma. Wafundishe kwa mikono yako, si kwa kelele.

Karatasi au majani ya kujipangusa, kama ni makavu, yanaweza kuingia katika tundu kubwa. Mifuko ya plastiki, chupa, wembe, betri na vitambaa visiingie. Vitambaa vya akina mama vya mwezi viwekewe kikapu chenye kifuniko, vifuliwe au vichomwe mahali pengine; wao wenyewe wataamua, mwanamume asiulize.

Chini ya tundu patainuka kilima. Mara moja kwa juma chukua mti mrefu, ukisukume kilima pembeni. Mti huo ukae ndani ya choo, usifanye kazi nyingine.

Sakafu isafishwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwage ndoo ya maji. Kibakuli cha mikojo kipanguswe kila siku. Nywele na vumbi vikikusanyika pale ndipo taabu inapoanza.

MAJIVU

Majivu ya jiko la kuni ni mazuri kuliko yote, kwa sababu ni makali: yanakausha na kuua. Ya makala nayo yanafaa, ila mara nyingi ni machache. Kama hayatoshi, changanya sehemu moja ya majivu na sehemu moja ya udongo mkavu uliochekechwa. Watu wa Goma wanao mchanga mweusi wa mlima, mwepesi, mkavu. Huo ni mzuri sana. Chokaa kidogo ikipatikana, vema zaidi.

Majivu yawe baridi kabisa. Kaa moja jekundu likianguka juu ya karatasi na majani makavu, utapoteza choo na pengine nyumba. Yalaze majivu usiku mmoja katika chombo cha bati, kisha yachekeche kuondoa makala na misumari, ndipo uyapeleke.

Wakati wa kiangazi weka akiba ya udongo mkavu mahali pasiponyewa, gunia mbili au tatu. Katika mwezi wa 11 mvua haikomi, na mtu asiye na akiba anatia tope ndani ya choo.

WATOTO, WAGONJWA, NA WENYE KUTAWADHA

Mtoto mdogo asipelekwe juu ya tundu kubwa. Anaogopa, naye ana haki kuogopa. Akae juu ya chungu chake chenye majivu, kisha mama amwage mavi ndani ya chumba, na kuongeza kopo. Usiseme mavi ya mtoto hayana ubaya. Mara nyingi minyoo ni mingi kwa watoto kuliko kwa wakubwa.

Mtu akihara, mavi yake ni maji. Atie makopo mawili au matatu ya majivu, na mwenye nyumba aangalie chumba jioni. Lakini kama mtu anahara maji kama ya kuoshea mchele, tena bila kukoma, mambo ya choo yaache: hiyo yaweza kuwa kolera. Mnyweshe maji yenye chumvi na sukari, umpeleke kwa mganga siku ile ile. Bidoni ya mikojo ya siku hizo usiipeleke shambani. Ifunge, uiweke kando miezi sita.

Katika Maniema, Kasongo na Kindu, nyumba nyingi ni za Waislamu, nao wanatawadha kwa maji. Choo hiki kinawafaa pia, ila waongeze mahali pa tatu: kando ya tundu, kibakuli kingine chenye bomba lake, linalopeleka maji ya kutawadha katika kitanda cha mchanga na mawe chini ya migomba. Mtu anasogea hatua moja, anatawadha pale. Maji yale yana mavi kidogo, kwa hiyo yasichanganywe na mikojo ya bidoni.

MIKOJO SHAMBANI

Nyumba ya watu sita itajaza bidoni ya lita 20 kwa siku tatu au nne. Basi uwe na bidoni nyingi, angalau kumi, na kila moja uandike juu yake siku ilipojaa. Usitumie tena bidoni hizo kwa maji ya kunywa, hata zikioshwa mara mia.

Kama ni mikojo ya nyumba yako, na chakula kitaliwa katika nyumba yako, unaweza kuitumia bila kungoja sana. Mimi ninashauri kungoja mwezi mmoja, bidoni ikiwa imefungwa vizuri, maana hujui kama mavi kidogo hayakuingia mbele kwa makosa. Kama ni mikojo ya shule, ya kanisa au ya nyumba nyingi, ingoje miezi sita. Ikilala, inakuwa kali, na ukali wake unaua wadudu wengi wa ugonjwa.

Kipimo ni rahisi. Mikojo ya mtu mmoja ya siku moja inatosha kipande cha shamba cha meta moja kwa meta moja, kwa msimu mmoja. Kwa mahindi: mmea ukifika magotini, chimba kijifereji kando yake, upana wa kiganja kutoka shina. Changanya kikombe kidogo cha mikojo na vikombe vitatu vya maji, mwaga ndani, funika kwa udongo palepale. Baada ya majuma matatu rudia mara moja. Basi, imetosha. Usimwage juu ya majani, yataungua. Usimwage wakati wa jua kali juu ya udongo mkavu. Chumvi itabaki na mizizi itaumia. Siku nzuri ni jioni, au kabla ya mvua ndogo.

Migomba inaipenda sana. Mashu, vitunguu, lengalenga, mahindi, vyote vinaitaka. Maharagi, soya na karanga usizipe. Ng'oa mmea wa maharagi uangalie mizizi: utaona vifundo vidogo. Katika vifundo hivyo mmea unajitengenezea azoti yake kutoka hewani. Kumpa mikojo ni kumlisha aliyeshiba, na mahindi ya jirani yake yana njaa.

Kati ya siku ya mwisho ya kumwaga na siku ya kuvuna upite mwezi mmoja. Kwa lengalenga, zinazovunwa upesi, mwaga kabla ya kupanda tu, uchanganye na udongo. Tena usimwage karibu na kijito au kisima. Katika nchi zenye bilhazia, mayai ya ugonjwa huo yanaweza kutoka katika mikojo. Udongoni yanakufa, majini yanapata konokono wao.

KAMA CHOO KINAKUWA KIGONJWA

Ukisikia harufu, au ukiona inzi wengi, usiseme choo ni kibaya. Chungulia ndani kwa tochi. Karibu kila mara utaona unyevu. Tafuta unatoka wapi: paa linavuja, au mtu anakojoa nyuma, au bidoni imejaa na mikojo inarudi juu. Hilo la mwisho ndilo kosa la nyumba nyingi. Mwenye kazi ya bidoni amesafiri, hakumwachia mtu. Ziba chanzo, kisha tia majivu mengi, ndoo nzima, usukume kwa mti. Baada ya siku tatu angalia tena.

Mikojo ikiteremka polepole, bomba limeanza kuziba. Mikojo inaacha jiwe jeupe ndani ya bomba, kama lile linaloonekana ndani ya birika. Mwaga maji ya moto lita mbili, au siki, uiache usiku kucha, kisha pitisha waya. Fanya hivyo kila mwezi, hata kama huoni shida. Maji hayo yatoke nje; usiyaache yaingie katika chumba.

KUFUNGA NA KUNGOJA

Chumba kikibakiwa na nafasi ya viganja viwili chini ya sakafu, kimejaa. Sawazisha, jaza juu kwa majivu na udongo mkavu, funika tundu kwa kifuniko, uzibe pembeni kwa udongo. Kisha uandike ukutani, kwa rangi au kwa makaa, siku, mwezi na mwaka. Wengi wanaona kuandika ni mchezo. Baada ya miezi minane hakuna mtu nyumbani anayekumbuka, kila mmoja anasema mwezi wake, na mwenye haraka ndiye anayeshinda.

Sasa unaingia chumba cha pili, na kile cha kwanza kinalala. Kinalala muda gani? Katika nchi ya joto, kama Uvira au Kindu, mwaka mmoja mzima. Goma si nchi ya joto sana. Na katika milima ya Masisi na Lubero ni baridi, na baridi inalinda mayai ya minyoo. Pale ingoje mwaka mmoja na nusu, na miaka miwili ni bora. Lakini chumba cha pili kitajaa kabla, utasema. Ndiyo. Basi baada ya mwaka toa mavi makavu, uyaweke katika lundo chini ya paa dogo, pasipofika mvua, kuku wala watoto. Yamalizie miezi yake pale.

Nakushauri uanze choo, au ubadilishe chumba, katika mwezi wa 7. Kwa nini? Kwetu Kivu kiangazi ni mwezi wa 6 mpaka wa 8, na kupanda kunaanza mwezi wa 9. Chumba kilichofungwa mwezi wa 7 kinatimiza mwaka katika mwezi wa 7. Jua lipo, lundo linakauka vema, na mvua iko karibu. Mtu aliyefunga mwezi wa 2 atasumbuka: mwezi wa 9 jirani wanapanda, yeye anatazama mlango wa choo, anahesabu miezi saba, na moyo unamwambia, «Yamekauka, fungua.»

Nilimjua mtu wa namna hiyo, mkulima hodari, mwenye shamba dogo juu ya mawe. Alifungua baada ya miezi mitano. Juu palikuwa pakavu, pakamdanganya. Katikati palikuwa na unyevu. Akapeleka yote katika kitalu cha karoti na vitunguu, kwa mikono mitupu, na watoto wake wakasaidia kubeba. Karoti zilikuwa nzuri sana, nilizila mimi pia, kabla sijaambiwa. Mwezi wa 1 mganga alipima watoto wa shule, na watoto wake watatu wote walikuwa na minyoo. Siwezi kusema kwa kweli kwamba minyoo ilitoka pale. Minyoo iko mahali pengi. Lakini mke wake alifunga mlango ule kwa simenti, na choo kile hakikutumika tena, hata leo. Kwa miezi saba ya kungoja, nyumba ile imerudi kwenye shimo la jirani.

SIKU YA KUFUNGUA

Siku ikifika, vaa viatu vilivyofunga mguu, na glavu au mifuko mikononi. Funga kitambaa puani, maana majivu yanaruka. Watoto wakae mbali. Bomoa mlango wa nyuma polepole.

Utakachoona ni udongo. Rangi ya kijivu au nyeusi, mwepesi, hauna umbo la mavi, hauna harufu ila ile ya ghala. Shika kidogo kwa chepe, ukitupe: kinavunjika. Ukiona kitu chenye unyevu kinachoshikamana, au ukisikia harufu ya choo, tia majivu, rudisha matofali, ngoja tena miezi sita. Usione haya mbele ya majirani waliokuja kutazama.

Udongo huu hauna azoti nyingi. Hiyo tumekwisha kuipata katika bidoni. Lakini una fosfori, una potasi ya majivu, nao unalainisha ardhi ngumu na kupunguza ukali wa udongo mchungu. Mahali pake ni chini ya miti. Chimba shimo la mgomba, la avoka au la kahawa, tia chepe tatu au nne chini, funika kwa udongo wa kawaida, ndipo upande. Katika mahindi unaweza kuutia ndani ya mstari, chini, na kuufukia. Usiutie kwa karoti, mashu, vitunguu, tomati, wala kitu cho chote kinacholiwa kibichi au kinachogusa ardhi. Hata kama miezi imetimia, mimi sitii.

Acha ndani ya chumba kiasi cha kutandika sakafu, unene wa vidole vinne, kwa kazi ya mwaka unaokuja. Osha chepe na viatu kwa maji ya sabuni, uyamwage maji hayo penye migomba. Fua nguo, oga, nawa mikono tena kwa sabuni kabla ya kula. Kisha jenga mlango wa nyuma kwa matofali na udongo, hamia chumba hiki, ufunge kile cha pili, na uandike tarehe yake ukutani, chini ya ile ya kwanza.